Je, wajua sikio la daktari hufunzwaje kuusikia moyo wa mtoto?

Mama kampeleka mwanawe wa miaka 4 zahanati kwa ajili ya homa. Daktari anaweka stetoskopu kifuani, anasikiliza, anahamisha, anasikiliza tena. "Mama, nasikia mvumo kwenye moyo wa mtoto." Usiku huo mama hapati usingizi. Lakini akirudi wiki inayofuata, homa imeshuka, mvumo huenda umefifia au umetoweka kabisa. Si kwamba moyo umepona. Haukuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Sasa daktari anajuaje mvumo upi auache na upi auandikie rufaa siku ileile?

Moyo hutoa sauti mbili, du-tup, du-tup. Hizo ni sauti za vali, yaani milango ya moyo, zikifungwa: kwanza ile iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini, kisha ile ya mishipa mikubwa inayotoa damu. Baina ya sauti hizo panatakiwa kimya. Damu ikipita kwa kasi, au ikipenya mahali pembamba, kimya kile hujaa mvumo. Mtoto damu yake huenda mbio na kifua chake ni chembamba, ndiyo maana mvumo husikika hata pasipo na kasoro. Zaidi ya nusu ya watoto huwa nao wakati fulani utotoni, hali wanaozaliwa na hitilafu ya moyo ni kama 8 kati ya 1,000.

Mvumo usio na madhara unaojulikana zaidi ulielezwa mwaka 1909 na daktari wa watoto wa Uingereza, George Frederic Still. Aliufananisha na uzi uliokazwa ukachezwa kwa kidole. Aliyezoea gambusi atauelewa upesi: una muziki ndani yake, ni mwororo, na ni mfupi. Kuupima hakuhitaji mashine. Mlaze mtoto chali usikilize, kisha msimamishe usikilize tena. Akisimama, damu nyingi hubaki miguuni, inayorudi moyoni hupungua, na ule wimbo hufifia. Mvumo usiojali mtoto amelala au amesimama unatia shaka. Unaozidi anaposimama unatia shaka zaidi, na unaosikika baada ya ile "tup" haupuuzwi kamwe.

Ukubwa wa sauti nao hudanganya. Tundu dogo kwenye ukuta kati ya vyumba vya chini vya moyo laweza kuvuma kuliko tundu kubwa, kama mpira wa maji unavyofoka ukiubana mdomo kwa dole gumba. Debe tupu, walisema wazee.

Yote hayo ni rahisi kuandika. Ila moyo wa mtoto mchanga hupiga hata mara 140 kwa dakika, yaani pigo zima halifiki nusu sekunde, na ndani yake sikio litenganishe du, kimya, tup, na kinachojificha katikati. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo madaktari waliokuwa wakisomea magonjwa ya ndani na udaktari wa familia walisikilizishwa sauti 12 za moyo zilizorekodiwa. Kwa wastani walitambua 1 kati ya 5, na hawakuwashinda wanafunzi wa udaktari. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wameelezwa mivumo. Hawakuwa wameisikia vya kutosha.

Daktari Michael Barrett wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, akajaribu njia nyingine: wanafunzi wausikilize kila mvumo mara 500. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha wakipanda hadi kupata zaidi ya 80 kati ya 100. Waliosoma madrasa hawatashangaa. Hakuna ustadhi anayemfundisha mtoto tofauti ya ha mbili za Kiarabu kwa maelezo. Mtoto huzirudia mbele yake mpaka sikio lizitenge lenyewe.

Kisha kuna mtoto mwenyewe, ambaye hajarekodiwa. Mtazame daktari aliyefunzika: anaipasha stetoskopu joto kiganjani, anamwacha mtoto mapajani pa mama, anaomba feni izimwe. Anaanza na moyo kabla ya masikio na koo, maana kile kijiti kikishagusa ulimi, kilio hakinyamazi tena. Mwisho anapapasa kinenani kwa vidole viwili kutafuta mapigo. Yakiwa dhaifu kuliko ya mkononi, huenda mshipa mkuu umebanwa, jambo ambalo kifua pekee chaweza kulificha.

Sikio lina mipaka, na ni lazima isemwe. Mwaka 2007, utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule Kambodia na Msumbiji ulionyesha kwamba kwa kusikiliza na kupima kwa mikono, ugonjwa wa vali unaotokana na homa ya rumatiki uligunduliwa kwa kama 2 kati ya 1,000. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ipigwayo kwa mawimbi ya sauti, kiliwaona zaidi ya 20. Lakini mabingwa wengi wa moyo wako Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na mtoto yuko kijijini Kigoma. Anayeamua apande basi ni tabibu wa zahanati, au daktari wa familia kama wale ambao Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, Kenya, kilianza kuwafunza mwaka 2005. Nadhani mafunzo ya sikio yaanzie kwao kabla ya kumfikia bingwa.

Tena wana nafasi ambayo bingwa hana. Mtoto mwenye tundu kubwa anaweza kuzaliwa na moyo ulio kimya, kwa sababu presha ya mapafuni bado iko juu na damu haivuki. Presha hiyo hushuka taratibu, na mvumo huanza kusikika baada ya wiki kadhaa, mama akiwa ameshatoka wodini zamani, mtoto akitoka jasho na kuchoka anaponyonya. Chanjo ya wiki ya 6 inaangukia hapohapo. Mama amekuja mwenyewe, kadi mkononi, mtoto amevuliwa kanga, sindano bado haijachomwa na hajaanza kulia.