"Daktari, njoo na sindano": dhana potofu ninazokutana nazo mabandani

Simu hulia kabla jua halijachomoza, na maneno huwa yaleyale: nguruwe wawili wamekufa usiku, watatu hawali, masikio yamekuwa ya zambarau, basi daktari njoo upesi na sindano. Ninatibu mifugo katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini, kwa familia zenye nguruwe wanne au watano katika banda la mabanzi na kuku ishirini hivi wanaojitafutia uani. Mwezi uliopita niliitwa kwa ombi hilo na kaya saba ndani ya wiki moja, na kaya zote saba zilinilaumu, nikaona heri niandike.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba homa ya nguruwe, ile ya Afrika, ina sindano, iwe ya kutibu au ya kukinga, na kwamba nguruwe wakifa ni kwa sababu daktari alichelewa, alileta dawa hafifu au aliificha ile nzuri kwa ajili ya wenye fedha. Ukweli ni kwamba ugonjwa huu hauna tiba popote duniani. Husababishwa na virusi, ilhali oksitetrasaiklini na penisilini, ambazo ndizo wafugaji wengi wanazoziita "sindano", hufanya kazi dhidi ya bakteria, na kumchoma nguruwe mwenye homa hii dawa hizo ni kumwagia maji jiwe ukitarajia liote. Chanjo nayo haipo katika maduka yetu. Vietnam iliruhusu chanjo zake kuuzwa nchini humo mwaka 2023, lakini zilitengenezwa kwa kulenga aina ya virusi inayosumbua bara Asia, wakati hapa Tanzania kumeonekana aina kadhaa zinazotofautiana. Kwa hiyo mtu anayepita kijijini na kibegi akikuuzia "chanjo ya homa ya nguruwe", amekuuzia vitamini, au dawa ya minyoo, au chanjo ya ugonjwa mwingine kabisa, ambao nao huitwa homa ya nguruwe lakini unafanana na huu wetu kwa jina tu.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na R. Eustace Montgomery mwaka 1921, baada ya kuwaua nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Mwaka 2007 uliingia Georgia, ng'ambo ya Bahari Nyeusi, ukiwa na aina ya virusi inayofanana na ile ya kusini-mashariki mwa Afrika, na mwaka 2018 ukafika China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote. Huko kuna maabara, kuna fedha, kuna madaktari wasiohesabika, na bado walichoweza kufanya ni kuua nguruwe na kuwafukia. Mfugaji anaponiambia kwamba kuna fundi wa kijiji cha pili anayeitibu kwa shilingi elfu tano, huwa namuuliza kwa nini Wachina hawajamtumia tiketi ya ndege.

Hata hivyo ninaelewa dhana hii inakozaliwa. Kuna magonjwa ya bakteria yanayomletea nguruwe homa kali na mabaka mekundu kwenye ngozi, na moja wapo, lile la mabaka yenye umbo la almasi, husikia penisilini vizuri mno: leo nguruwe amelala hoi, kesho kutwa anagombania pumba. Mfugaji aliyeshuhudia hayo hamwamini tena mtu anayemwambia kwamba homa ya nguruwe haitibiki, kwa sababu yeye anaamini ameiona ikitibiwa. Alichokiona ni ugonjwa mwingine. Homa ya nguruwe yenyewe, katika sura yake kali, huua karibu nguruwe wote iliowapata, wengi ndani ya siku chache tangu homa ipande, na kinachoithibitisha ni damu iliyopimwa maabara, si rangi ya masikio peke yake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sindano hiyo hiyo inayoombwa kwa machozi ndiyo hueneza ugonjwa. Nalisema hili kwa aibu, maana nililifanya mwenyewe nilipokuwa mgeni kazini: nilizunguka mabanda manne asubuhi moja nikiwa na viatu vilevile na sindano ileile, nikiwachoma wagonjwa na wazima ili kuwaridhisha wenyewe, na kabla wiki mbili hazijaisha mabanda yote manne yalikuwa matupu. Damu ya nguruwe mgonjwa imejaa virusi, na kiasi kidogo kinachobaki kwenye ncha ya sindano kinatosha kumwambukiza anayefuata. Ndiyo maana siku hizi nikishaingia banda lenye vifo siingii lingine siku hiyo, na wanaosema daktari anaringa waendelee kusema.

Njia ya pili ya kueneza ni kuuza haraka. Nguruwe mmoja akifa, mwenye banda hupiga simu kwa mnunuzi, waliobaki huchinjwa usiku, na kesho yake nyama iko kwenye karai la kitimoto. Mlaji hadhuriki na homa hii, kwa kuwa virusi vyake havimwambukizi binadamu. Lakini maji yaliyooshea nyama, mifupa na mabaki ya sahani hukusanywa kwenye ndoo na kupelekwa kwa nguruwe wa kaya nyingine, na virusi hudumu miezi katika nyama iliyokaushwa bila kupikwa na hata miaka katika nyama iliyogandishwa. Ukitaka kulisha makombo, yachemshe saa nzima huku ukiyakoroga, ndipo uyapooze; ukiona kuni ni ghali, usiyalishe. Njia ya tatu ni dume la kukodi linalotembezwa kaya kwa kaya kama posta. Kwa walio karibu na mapori kuna pia ngiri, anayebeba virusi bila kuugua, na papasi wa mashimoni mwake, lakini katika vijiji ninavyovihudumia mkosaji karibu kila mara ana miguu miwili.

Ushauri wangu, ambao wenzangu hunitania kwamba nitazikwa nao, ni gambuti. Nunua jozi moja isiyovaliwa mahali pengine popote ila bandani, itundike kwenye msumari nje ya mlango, na chini yake weka beseni lenye dawa ya klorini iliyochanganywa upya. Gambuti lioshwe kwanza kwa maji na sabuni mpaka mavi yatoke, kwa sababu dawa haiui kilichojificha ndani ya uchafu. Mgeni asiingie, na hasa mnunuzi asiingie: amwangalie nguruwe kwa nje ya uzio, na mizani iletwe na mwenye banda. Vifo vikitokea, usiuze wala usichinje. Toa taarifa kwa afisa mifugo, kama Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inavyotaka, kisha fukia mizoga kina kirefu. Banda likishasafishwa na kupuliziwa dawa, likae tupu angalau siku 40, halafu anza na nguruwe wawili tu na uwaangalie wiki sita kabla ya kuongeza wengine. Najua siku 40 ni ndefu kwa mwenye ada ya shule mbele yake, lakini nimeshawaona watu waliojaza banda baada ya wiki mbili wakipoteza kundi la pili kwa mkopo wa lile la kwanza.

Hayo mengine sitayapa nafasi kubwa kiasi hicho. Husemwa kwamba nguruwe anapenda uchafu, kwa hiyo kusafisha banda ni kujichosha. Nguruwe hatoki jasho la kutosha kumpoza, na hugaagaa kwenye tope kwa sababu ya joto; mpe kivuli, maji na nafasi, utamwona akichagua kona moja ya haja na kulala upande wa pili.

La tegu, mnyoo bapa wa tumboni mwa binadamu, ni zito zaidi, kwa sababu hapo anayeumia ni mtu. Wafugaji wengi huamini kwamba vile vifuko vyeupe kama punje za mchele vinavyoonekana katika nyama hutokana na mbegu mbaya ya nguruwe au pumba zilizooza. Nguruwe huvipata kwa kula kinyesi cha binadamu mwenye tegu, basi. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni, na mtu huyo asipotumia choo wala kunawa, mayai ya tegu yake humfikia nguruwe na humfikia jirani pia. Jirani akiyameza, vifuko vinaweza kujijenga ndani ya ubongo wake na kumletea kifafa, hata kama hajawahi kuonja kitimoto maishani. Wanunuzi hufungua mdomo wa nguruwe kwa mti, huvuta ulimi na kuupapasa chini wakitafuta uvimbe, na wasipoupata husema ni safi. Kipimo hicho hukamata wenye vifuko vingi na kuwaacha wenye vichache. Ivermektini, dawa ya minyoo inayochomwa kwa kila shida, haiondoi vifuko hivyo. Oksifendazoli, dawa nyingine ya minyoo, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, huviua, ila nyama inahitaji miezi kadhaa ili kusafika na muda wa kusubiri kabla ya kuchinja lazima uheshimiwe. Choo chenye mlango na nguruwe aliyefungiwa hufanya kazi kuliko dawa zote mbili.

Kwa upande wa kuku, nasikia kwamba wa kienyeji ni sugu na hahitaji chanjo, na kwamba kideri huletwa na upepo wa kiangazi. Kuku huyo ndiye ninayemkuta amelala kwa makumi chini ya mti wa parachichi, shingo zimepinda, harisho la kijani limewaganda mkiani, huku mama mwenye nyumba akiwa ameshika kikombe cha maji ya shubiri na pilipili. Kideri ni virusi, na kwa hiyo shubiri, pilipili na antibayotiki vyote viko kundi moja la visivyosaidia. Tofauti na homa ya nguruwe, hapa chanjo ipo: ile ya I-2 inayovumilia joto hutengenezwa hapa nchini, Kibaha, na hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kila baada ya miezi mitatu. Wale wanaodai kwamba "chanjo iliua kuku wangu" karibu wote walichanja ugonjwa ukiwa umeshaingia uani, ilhali kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujijenga. Chanja kuku wazima. Shaurianeni kaya kumi mchange chupa moja, siku moja, jioni kuku wakiwa ndani.

Husemwa pia kwamba mtetea hatagi bila jogoo. Hutaga; ila mayai yake hayataanguliwa, basi.

Na tafadhali, kuku si wafagiaji wa banda la nguruwe. Wanapochakura mavi ya nguruwe hutoka na uchafu miguuni hadi kwa jirani, na wao wenyewe humwachia nguruwe kifua kikuu cha ndege, achilia mbali kifaranga anayedondokea hori na asionekane tena.

Imebaki sindano moja ambayo kweli inahitajika, na hiyo hakuna anayenipigia simu kuiomba: ya madini ya chuma. Mtoto wa nguruwe huhitaji miligramu 7 hivi za chuma kwa siku, na maziwa ya mama yake humpa 1 tu. Akizaliwa juu ya sakafu ya saruji au mbao, asipate udongo wa kuchimba kwa pua, hupauka, hupumua kwa shida na kufa akiwa na wiki tatu, na wenye banda husema nguruwe mama hana maziwa. Miligramu 200, siku ya tatu, nyuma ya sikio. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 100 kwa kila mililita inatosha watoto 50. Ninayo moja kwenye begi tangu mwezi wa tatu, na mpaka leo imetumika kwa mizao miwili.