Kabla hujasema ualimu ni kazi ya waliokosa kazi

Matokeo ya Examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yakitoka, mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi, hapa Lubumbashi nchini Kongo, inajaa vijana waliomwagiwa poda nyeupe toka kichwani mpaka mabegani. Mama wanapiga vigelegele, simu hazinyamazi. Siku mbili tatu baadaye poda imeoshwa, na nyumbani swali linaanza: sasa utasoma nini? Hapo ndipo nasikia maneno ambayo yananiuma kila mwaka. Mzazi anataja udaktari, anataja sheria, anataja uhandisi wa migodi, kisha anamalizia: "Vikishindikana vyote, basi uende ualimu."

Mimi nafundisha walimu. Katika taasisi yetu hapa Lubumbashi kazi yangu ni kuwaandaa wanafunzi wa ualimu na kuwafuata kwenye staji, yaani mazoezi yao ya kufundisha shuleni. Nakaa kwenye benchi la nyuma kabisa, na daftari magotini, nikiangalia mtu wa miaka ishirini na kitu akisimama mbele ya watoto kwa mara ya kwanza. Leo nataka kuongea na wewe ambaye ualimu unakuvuta kidogo ila unaona haya kuusema mbele ya rafiki zako. Nitakusimulia asubuhi moja tu.

Ilikuwa darasa la tatu la msingi huko Katuba, mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua, watoto zaidi ya sitini, wanne wanne kwenye kila benchi. Binti wa staji alikuwa amefundisha kutoa, akaandika ubaoni: 52 − 38. Akapita kati ya mabenchi kuangalia madaftari. Mtoto mmoja wa kiume, mkimya, alikuwa ameandika 26.

Binti angeweza kupiga alama ya kosa akaendelea. Muda ulikuwa unakwisha, na nilikuwa pale nampigia alama. Lakini alisimama. Akamwuliza kwa Kifaransa amepataje jibu lile, mtoto akainamisha kichwa. Akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akarudia kwa Kiswahili cha nyumbani: "Ulifanya je?" Mtoto akajibu mara moja, bila woga: "Mu mbili hauwezi kutosha nane. Njo nikatosha mbili mu nane."

Soma jibu hilo tena; "kutosha" kwetu ni kutoa. Nane toa mbili, sita. Tano toa tatu, mbili. Ishirini na sita. Mtoto hakubahatisha wala hakulala darasani. Alipokuwa darasa la kwanza aliambiwa kwamba sikuzote tunatoa namba ndogo kwenye namba kubwa, naye aliishika sheria ile kwa uaminifu mpaka siku ilipomwangusha. Aliyempa sheria ile alikuwa mwalimu, na alitaka kumrahisishia.

Kesho yake binti alikuja na vijiti vya ufagio, kumi kumi vimefungwa kwa uzi. Akampa yule mtoto mafungu matano na vijiti viwili, akamwambia: "Nipe thelathini na nane." Mtoto akatoa mafungu matatu haraka. Kisha akaangalia vijiti vyake viwili. Akaangalia mafungu mawili yaliyobaki. Kimya kirefu. Hakuna aliyemsaidia, na huko kujizuia kusaidia ndiko jambo gumu kuliko yote tunayofundisha. Halafu akafungua fungu moja mwenyewe, uzi ukaanguka chini, akahesabu nane, akampa mwalimu. Mkononi mwake likabaki fungu moja na vijiti vinne. Akasema "kumi na nne" kwa sauti ndogo, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi. Watu wanadhani mwalimu ni yule anayejua kutoa 38 kwenye 52. Lakini hilo hata muuza mkaa pale sokoni analijua, tena bila karatasi. Mwalimu ni yule anayetaka kujua njia aliyopita mtoto mpaka akafika 26, kwa sababu kila kosa lina njia yake, na usipoijua njia hutaweza kumrudisha. Kama kusikia habari ya mtoto huyu kumekufanya uwaze, kama ungetaka kujua wale wengine waliopata 26 nao walifikiri nini, basi mbegu unayo. Mengine yote tunafundishana.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wananiambia: "Mimi sina kipaji, mimi naona haya mbele ya watu." Somo langu la kwanza nilitoa nikiwa nimewapa watoto mgongo, nikiongea na ubao karibu nusu saa. Aliyekuwa akinisimamia hakunikemea. Aliniambia kesho nianze somo nikiwa nimesimama katikati ya mabenchi, mbali na ubao. Ilikuwa dawa ndogo, ikanitosha. Ualimu unajifunzwa kama useremala: kuna vifaa, kuna mpangilio wa mikono, kuna mtu anayekuangalia na kukusahihisha. Ile fishi ya maandalizi ambayo wanafunzi wetu wanailalamikia, kwamba kila somo liandikwe lengo lake, maswali yake na zoezi lake kabla ya kuingia darasani, ndiyo kipimo cha fundi. Ukiwa na miaka kumi kazini utaiandika fupi, lakini hutaacha kuiwaza.

Njia zenyewe si za siri. Anayetaka kufundisha shule ya msingi anaweza kuchukua humanités pédagogiques, yaani sekondari ya ualimu, miaka minne baada ya darasa la nane, akamaliza na diploma ya serikali, ile tunayoiita D6. Anayetaka sekondari anaendelea kwenye taasisi ya juu ya ualimu, ISP, na hapa Lubumbashi tunayo. Tangu mageuzi ya LMD (licence, master, doctorat) yalipoanza mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu; zamani ilikuwa graduat, hatua ya kwanza ya chuo, miaka mitatu na lisansi miwili juu yake. Chagua somo unalolipenda kweli. Hesabu na fizikia zinatafutwa sana, lakini mwalimu wa hesabu aliyezichukua bila kuzipenda, watoto wanamtambua wiki ya kwanza.

Kuna neno juu ya Kiswahili pia, maana vijana wengi wanadhani Kifaransa kizuri ndicho kinachomfanya mwalimu. Kifaransa utakihitaji, tena safi. Lakini programu ya nchi yetu inataka mtoto aanze madarasa ya kwanza kwa lugha ya taifa ya mahali pake, na kwetu ni Kiswahili. Umeona mwenyewe: swali lile lile kwa Kifaransa lilipata kimya, kwa Kiswahili likapata njia nzima ya mawazo ya mtoto.

Sasa tuongee juu ya pesa, maana najua ndiyo inayokuzuia, na sitakudanganya. Mshahara wa mwalimu wetu ni mdogo kuliko kazi anayoifanya. Tena wako walimu wanaoingia darasani kila asubuhi bila kulipwa na serikali, wale wanaoitwa nouvelles unités, kwa sababu majina yao hayajaingia kwenye orodha ya malipo. Tunasema hawajamekanizwa. Ni jambo la kuumiza, na kulinyamazia ni kuwakosea heshima. Kwa hiyo, siku utakapopewa kazi, kabla ya furaha kukufunika, uliza. Je, shule ina arrêté, yaani hati ya serikali ya kuitambua? Darasa utakalopewa liko kwenye bajeti? Barua yako ya kuwekwa kazini imetiwa sahihi na msimamizi wa shule hizo, iwe kordinasyo, ofisi inayosimamia shule za kanisa, au ofisi ya serikali? Fuatilia matrikule yako, namba yako ya mwalimu, mpaka uione kwa macho, na kila karatasi tunza nakala. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, na mkurugenzi mwema atakujibu.

Najua pia malori ya shaba na kobalti yanapita mbele yako kila siku kuelekea mpakani Kasumbalesa, na una binamu aliyekwenda kwenye migodi ya Kolwezi akarudi na pikipiki mpya. Simlaumu hata kidogo. Ila bei ya kobalti inapanda na kushuka kwa mambo yanayoamuliwa mbali na hapa, wakati mtoto wa darasa la kwanza anakuja kila mwezi wa tisa bila kukosa. Tena wanakuja wengi: tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure katika shule za umma mwaka 2019, madarasa yamefurika. UNESCO inakadiria kwamba kufikia 2030 dunia itahitaji walimu wapya milioni 44, na milioni 15 kati yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Hatuna wa kutuletea. Wazee wetu waliliona hilo: baada ya uhuru wa 1960 walimu Wabelgiji wengi waliondoka, ikabidi walimu waagizwe kutoka nchi za mbali, na wengi wao walitoka Haiti. Wako watu wazima hapa mjini waliofundishwa na Wahaiti, na wanawakumbuka kwa heshima. Lakini wale walikuja kwa muda, na wakaondoka.

Mzazi unayesoma hapa, nakuomba jambo moja. Mwanao akikuambia anataka ualimu, usimjibu papo hapo. Mwulize kwanza ni mwalimu gani aliyemfanya atamani hivyo, halafu msikilize mpaka mwisho.

Na wewe kijana, usiniamini kwa maneno. Jaribu kabla hujaandika jina lako popote. Likizo ikija, kusanya watoto wanne watano wa parsele yenu, yaani kiwanja chenu, chini ya mwembe, wafundishe kusoma wiki mbili. Kisha nenda kwenye shule uliyosoma, salimia mkurugenzi, omba ruhusa ya kukaa darasani asubuhi moja. Usikae mbele. Kaa nyuma, chagua mtoto mmoja asiyenyoosha mkono, mwangalie mpaka kengele: anaandika nini, anafuta nini, anachungulia daftari la nani kabla ya kuandika jibu. Jioni ukijikuta bado unamuwaza, njoo taasisi uniulize juu yake. Tutaanzia kwa mtoto huyo.