“Bilioni 24 zimepigwa California”: dhana na ukweli kuhusu ukaguzi wa fedha za wasio na makazi

Ujumbe huu umeshanifikia mara kadhaa, kila mara alama za mshangao zimeongezeka: California imepoteza dola bilioni 24 za watu wasio na makazi, hakuna anayejua ziliko. Ni habari tamu. Ripoti yenyewe inasema kitu kingine, na kwa mtu aliyewahi kujibu hoja za ukaguzi, hicho kingine kinatisha zaidi.

“Bilioni 24 zimepotea”

Ripoti ni ya Mkaguzi wa jimbo la California, ya Aprili 2024. Inasema kwamba kwa miaka mitano ya fedha, 2018/19 hadi 2022/23, jimbo lilitumia karibu dola bilioni 24 kupitia taasisi tisa na programu zisizopungua 30, na kwamba baraza lililopewa kazi ya kufuatilia matumizi hayo liliacha kuyafuatilia baada ya Juni 2021. Swali la mkaguzi halikuwa nani kachukua. Lilikuwa hili: fedha hizi zimemtoa nani barabarani, na mtu huyo bado yuko ndani ya nyumba? Programu tano zilichunguzwa kwa karibu. Mbili zilionekana kuwa na tija. Tatu zilizobaki hazikuweza hata kupimwa, kwa kuwa takwimu hazikutosha.

Msomaji wa Tanzania ataelewa upesi. Halmashauri inaweza kupata hati inayoridhisha mwaka uleule ambao kisima ilichochimba hakitoi maji. Hati inazungumzia vitabu vya hesabu. Kisima ni kazi ya ukaguzi wa ufanisi. Kenya wameliandika hili ndani ya Katiba, Ibara ya 229: Mkaguzi Mkuu athibitishe kama fedha za umma zimetumika kwa sheria na pia kwa ufanisi. California ilikwama kwenye hilo la pili.

“Kama hakuna mwizi, hakuna tatizo”

Hapa twende Los Angeles, kwenye LAHSA, mamlaka ya huduma za wasio na makazi iliyoundwa mwaka 1993 na jiji pamoja na kaunti. Novemba 2024 wakaguzi wa kaunti walitoa ripoti ambayo mhasibu yeyote wa serikali angeisoma huku ameshika kichwa. Mwaka 2017/18 mashirika ya huduma yalipewa fedha za kuanzia kazi, sisi tungeziita masurufu, karibu dola milioni 50.8. Hadi Julai 2024 zilizokuwa zimerejeshwa ni kama milioni 2.5. Wakati huohuo mashirika yaliyofanya kazi yalikuwa yakicheleweshewa malipo yao.

Machi 2025 ikaja ripoti nyingine, ya kampuni ya Alvarez & Marsal, kutokana na kesi kuhusu wasio na makazi wa Los Angeles, iliyofunguliwa mwaka 2020 mbele ya Jaji David O. Carter. Iligusa takriban dola bilioni 2.3. Wachunguzi walishindwa kuzifuata fedha hadi mwisho wa safari, kwa sababu kumbukumbu zilitawanyika kwenye mifumo isiyosomana, na ankara nyingi hazikueleza huduma gani hasa ilitolewa.

Nimewahi kukaa upande wa kujibu, katika ofisi nisiyoitaja. Mkaguzi aliomba daftari la mahudhurio ya semina: watu 40, posho 40, sahihi 40. Alilisogeza dirishani, akaliinamisha kidogo kwenye mwanga, akauliza kwa upole kabisa kwa nini sahihi kuanzia namba 23 hadi 31 zina mkono mmoja. Tukatazama sakafu. Kisha akauliza la pili, nalo ndilo ninalolikumbuka zaidi: na hawa walioandika wenyewe, walijifunza nini? Daftari halikuwa na safu ya jibu hilo.

“Kitanda kimelipiwa, basi kuna mtu kalala”

Desemba 2024 Mdhibiti wa fedha wa jiji la Los Angeles, Kenneth Mejia, alitoa ukaguzi wa makazi ya muda. Kati ya 2019 na 2023, kitanda kimoja katika kila vinne kilikaa bila mtu, na hasara ikakadiriwa kuwa dola milioni 218. Mwaka mmoja kabla, ofisi yake ilikuwa imeonyesha kwamba orodha ya vitanda vilivyo wazi haiaminiki, hata mhudumu aliyesimama kando ya hema la mtu inabidi apige simu kituo kwa kituo akiulizia nafasi. Ankara ya kitanda kitupu haina kosa lolote kwenye hesabu. Jumla iko sawa, mhuri upo.

“Idadi imeongezeka, kwa hiyo fedha hazikufanya kitu”

Mwaka 2020 LAHSA ilieleza kwamba kila siku kaunti ya Los Angeles ilikuwa ikitoa watu 207 kwenye hali ya kukosa makazi, na wengine 227 wakiingia. Kodi za nyumba hazimsubiri mtu. Ni kama kumpima anayefua maji chomboni kwa kutazama maji yaliyobaki, tundu hulitazami. Tena hesabu yenyewe ni makadirio: watu wa kujitolea huzunguka usiku wakihesabu mahema na magari, kisha idadi hiyo huzidishwa kwa wastani wa watu wanaolala humo.

“Dola 600,000 kwa nyumba moja ni wizi”

Ni ghali, sibishi. Mkopo wa hatifungani uitwao HHH, dola bilioni 1.2 za kujengea wasio na makazi nyumba, ulipitishwa na wapiga kura wa jiji la Los Angeles mwaka 2016, na mapitio ya mwaka 2022 yalikuta wastani wa karibu dola 597,000 kwa kila nyumba iliyokuwa ikijengwa. Mradi mmoja hukusanya fedha kutoka mifuko kadhaa, na kila mfuko una masharti na wanasheria wake. Ripoti ya jimbo ilionyesha kwamba Homekey, inayogeuza hoteli na moteli kuwa makazi, ilitumia wastani wa dola 144,000 kwa nyumba, huku kujenga upya kukigharimu 380,000 hadi 570,000. Upigaji upo pia: Oktoba 2025 waendesha mashtaka wa serikali kuu walitangaza mashtaka dhidi ya watu wawili kuhusu fedha za aina hii. Ila bei ya juu peke yake haimfungi mtu.

“Mkaguzi atazirudisha”

Hana polisi. Anaandika na kupendekeza, kisha wenye kura huamua. Tarehe 1 Aprili 2025 Bodi ya kaunti ya Los Angeles ilipiga kura nne kwa sifuri kuondoa zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka mikononi mwa LAHSA na kuzipeleka kwenye idara mpya ya kaunti. Masurufu ya 2017/18 hayakuhama nazo.