Kikomo cha kutuma barua pepe: tuhesabu nini, na kwa nani

Nywila ya mtumishi mmoja ikiibwa Ijumaa jioni, kufika Jumatatu asubuhi akaunti yake inaweza kuwa imewatumia maelfu ya watu barua taka. Wanaoumia ni wenzake wote. Anwani ya IP ya seva ya barua ya taasisi, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, huingizwa katika orodha za kuzuia kama zile za Spamhaus, shirika linalofuatilia watumaji wa barua taka, barua halali zinaanza kurudi, na mwanafunzi aliyekuwa akisubiri barua ya udahili haipati.

Taasisi nyingi huchuja barua zinazoingia na kuziacha zinazotoka zipite bila kuulizwa. Hapo ndipo kikomo kinapohitajika: kila akaunti iwe na kiwango chake cha kutuma kwa saa na kwa siku. Watoa huduma wakubwa wanafanya hivyo. Akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku; Exchange Online ya Microsoft huruhusu wapokeaji 10,000 kwa siku, tena si zaidi ya barua 30 kwa dakika.

Kazi kubwa ni kuamua nani anahesabiwa. Postfix, programu ya seva ya barua inayotumika sana, ina kikomo chake cha ndani, smtpd_client_message_rate_limit. Usipokigusa kinabaki 0, yaani hakuna kikomo. Hata ukikiwasha, kinahesabu kwa anwani ya IP, na hilo halitoshi. Ofisi nzima iliyo nyuma ya ruta moja itaonekana kama mtu mmoja na kuzuiwa bila kosa. Wanaotuma kupitia kivinjari wataonekana wako ndani ya seva yenyewe, na kwa mpangilio wa awali mtandao wa ndani umesamehewa kikomo hicho. Naye mwizi anaweza kutumia kompyuta nyingi alizoziteka, kila moja ikituma barua chache, asishtukiwe. Kuhesabu kwa anwani ya mtumaji iliyoandikwa kwenye barua ndiyo njia dhaifu kuliko zote, maana mtu anaweza kuandika anwani yoyote.

Hesabu jina la kuingilia, lile ambalo seva imelithibitisha kwa nywila. Kwenye Exim, programu nyingine ya seva ya barua, sharti la ratelimit linaweza kufanya hivyo; kwenye Postfix utahitaji programu ya sera ya pembeni, ambayo Postfix huiuliza kama barua ipite au izuiwe, kwa mfano postfwd. Hakikisha pia kwamba mfumo wa barua wa kwenye kivinjari unamthibitisha kila mtumiaji kwa jina lake anapotuma.

Kisha hesabu wapokeaji, usihesabu barua. Kwa mpangilio wa awali Postfix hukubali wapokeaji 1,000 katika barua moja. Kikomo cha barua 50 kwa saa kinaonekana kikali, kumbe kinaacha mlango wa wapokeaji 50,000.

Kiwango chenyewe kitoke kwenye kumbukumbu za seva yako. Angalia mwezi mzima, mtumiaji wa kawaida anayetuma sana anafikia wapi, kisha weka kikomo juu kidogo ya hapo. Kwa ofisi nyingi naona wapokeaji 200 kwa saa wanatosha. Ofisi ya udahili na ya uhasibu zipewe viwango vyao, na matangazo ya taasisi nzima yapitie akaunti maalumu, ili mtu asiombe kufunguliwa kikomo kila wiki.

Akaunti ikivuka kiwango, msimamizi apate taarifa papo hapo. Kubadilisha nywila peke yake hakutoshi: barua ambazo seva ilikwisha kuzipokea zitaendelea kutoka kwenye foleni. Zizuie kwanza, kata miunganisho iliyo wazi, ndipo mwenye akaunti apewe nywila mpya.

Na wewe mtumiaji, ukiambiwa umevuka kiwango ilhali leo umeandika barua tatu tu, usisubiri kesho ujaribu tena. Pigia kitengo cha TEHAMA simu saa hiyohiyo.