Kinga iliyofichwa na virusi: jinsi seli za mamalia zinavyokata RNA ya mvamizi

Kinga ya mwili ikitajwa, wengi hufikiria chembe nyeupe za damu na kingamwili zinazopatikana baada ya chanjo. Lakini hata seli ya kawaida ya ini au ya misuli haikai mikono mitupu kirusi kinapoingia ndani yake. Silaha yake mojawapo ni unyamazishaji wa RNA, kwa kifupi RNAi; RNA ni molekuli ndefu kama uzi inayobeba maagizo ya jeni.

Virusi vya mafua, dengi, Ebola na UVIKO-19 hubeba maagizo yao kwenye RNA, si kwenye DNA, ambayo ndiyo hifadhi ya maagizo ya seli zetu. Kirusi cha aina hiyo kikijinakili, hujitokeza RNA ndefu yenye nyuzi mbili zilizoshikana, kitu ambacho ni nadra kukikuta ndani ya seli nzima isiyo na maambukizi. Kimeng'enya kiitwacho Daisa huikata RNA hiyo vipande vya herufi 21 hadi 23, yaani viungo vinavyounda uzi wake. Kipande kimoja hupokelewa na protini ya Agonauti, ambayo tangu hapo ni kama askari aliyekabidhiwa picha ya mtuhumiwa: kila RNA ya kirusi inayolingana na kipande hicho, huikata. DNA ya mgonjwa haiguswi hata kidogo, na nalisema hili wazi kwa sababu hofu ya "kubadilishwa jeni" imewakosesha watu wengi chanjo.

Andrew Fire na Craig Mello walieleza RNAi mwaka 1998 walipochunguza mnyoo mdogo wa maabara, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mimea na wadudu hujikinga kwa njia hii. Hata Anopheles gambiae, mbu yule yule wa malaria, huitumia kukizuia kirusi cha o'nyong-nyong, ugonjwa ulioibuka Uganda mwaka 1959.

Kwa mamalia mambo yalikuwa magumu. Watafiti walitafuta vipande hivyo vya RNA ya virusi, wakapata vichache mno. Wengi wakaamua kwamba sisi tuna interferoni, protini ambayo seli huitoa kuamsha kinga kirusi kinapoingia, iliyogunduliwa mwaka 1957, na njia ile ya kale tumeiacha.

Jibu lilitoka kwa kirusi cha Nodamura, kilichopatikana kwanza kwa mbu huko Japani, ambacho huua watoto wa panya wanaonyonya. Kirusi hiki kina protini ya B2, inayoing'ang'ania RNA ya nyuzi mbili hadi Daisa ikakosa pa kukata. Kikundi cha Shou-Wei Ding, Chuo Kikuu cha California mjini Riverside, kilitengeneza kirusi kisicho na B2. Watoto wa panya walioambukizwa hicho walipona, na vile vipande vilivyokuwa havionekani vikaonekana kwa wingi. Matokeo hayo yalichapishwa Oktoba 2013, sambamba na ya kikundi cha Olivier Voinnet cha Zurich, kilichoiona kinga hiyo katika seli shina za panya, yaani seli changa zinazoweza kuwa seli za aina nyingine. Kumbe kinga ilikuwepo muda wote, ila kirusi kilikuwa kinaizima.

Ubishi haukuisha, na ulikuwa na msingi. Katika seli nyingi zilizokomaa, interferoni ikishaamka huleta protini ya LGP2, ambayo humzuia Daisa. Seli shina, ambazo huitikia interferoni kwa udhaifu, ndizo zinazoitegemea RNAi zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa London walionyesha kuwa zina Daisa ya umbo fupi inayozikinga dhidi ya Zika na kirusi cha UVIKO-19. Kwa maoni yangu kinga hizi mbili zimegawana kazi, na kubishana ipi ni ya kweli hakutufikishi mbali.

Kinachonipa matumaini zaidi ni utafiti wa mwaka 2024 wa kikundi hicho cha Riverside. Walitumia kirusi kisicho na B2 kama chanjo kwa panya wasio na limfosaiti B wala T, ambazo ni aina za chembe nyeupe za damu, yaani panya wasioweza kutengeneza kingamwili. Dozi moja iliwakinga kwa siku 90 au zaidi, na panya wachanga nao walikingika. Kichanga ambaye kinga yake bado ni changa huenda siku moja akanufaika. Mafua yana protini inayofanana kwa kazi na B2, iitwayo NS1, na Ebola ina VP35. Hizo ndizo za kulengwa katika kutengeneza chanjo za namna hii. Kwa sasa ushahidi wa chanjo hii ni wa panya tu, kwa hiyo mpeleke mtoto kliniki apate chanjo zake za kawaida kwa ratiba.