Uzamivu wa saikolojia ya ushauri nasaha ni nini?

Shahada ya uzamivu katika saikolojia ya ushauri nasaha ndiyo ngazi ya juu ya masomo kwa anayetaka kuwa mwanasaikolojia mshauri. Ina utafiti na tasnifu kama PhD nyingine. Lakini mwanafunzi wa uzamivu wa historia anaweza kuwa mkavu, asiyejua kusikiliza watu, na bado akatunukiwa shahada yake bila mtu kunung'unika. Huku kwenye ushauri nasaha, mwenye alama za juu darasani anaweza kuzuiwa kuhitimu kwa sababu walimu wake wameona hafai kukabidhiwa mtu mwenye majonzi. Kwangu mimi, hapo ndipo penye kiini cha mafunzo haya.

Kwanza fani yenyewe. Saikolojia ya ushauri nasaha hushughulika zaidi na mtu ambaye maisha yake yanaendelea ila amekwama mahali: ndoa inayumba, msiba haujapoa, wasiwasi unamnyima usingizi. Saikolojia ya tiba ilielekea zaidi kwenye maradhi mazito ya akili. Siku hizi mbili hizi zimeingiliana mno, na Marekani wahitimu wake hupewa leseni ileile. Alama moja ya asili imebaki, nayo ni suala la kazi. Mwaka 1908 Frank Parsons alianzisha ofisi mjini Boston ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi inayowafaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wengi waliorudi Marekani wakahitaji kuelekezwa kwenye masomo, ajira na maisha ya uraiani. Mwaka 1951 wataalamu walikutana katika Chuo Kikuu cha Northwestern kujadili viwango vya mafunzo ya uzamivu, na fani ikapata jina tunalolijua leo.

Darasani kuna nadharia za ushauri, upimaji wa kisaikolojia, takwimu, maadili ya kazi na tofauti za kitamaduni. Vyuo vingi hufuata wazo lililopitishwa Boulder, Colorado, mwaka 1949, kwamba mwanasaikolojia awe mwanasayansi na mtendaji kwa pamoja: anayetibu ajue kupima kama tiba yake inafanya kazi. Mwaka 1973, katika mkutano uliofanyika Vail, mji mwingine wa Colorado, ulikubaliwa pia mkondo wa PsyD, yaani udaktari wa saikolojia, unaoegemea zaidi utendaji kuliko utafiti.

Kazi ngumu ni mazoezi chini ya msimamizi. Mwanafunzi hukutana na wateja halisi, na mara nyingi mazungumzo hurekodiwa kwa ridhaa ya mteja. Baadaye msimamizi huketi naye wakiyapitia. Swali linaweza kuwa hili: "Alipotaja kifo cha mama yake, mbona ulimhamishia kwenye habari za kazini?" Jibu halipo kwenye kitabu chochote. Pengine mwanafunzi hakumsikia vizuri. Pengine ana kifo chake mwenyewe ambacho hajakilia. Ndiyo maana Uingereza wanafunzi wa fani hii hutakiwa nao waingie kwenye tiba kama wateja. Wapo wanaoliona sharti hilo ni kuingiliwa mambo ya ndani. Mimi naliona la haki: usimvushe mwenzio mto ambao wewe mwenyewe hujaugusa maji.

Marekani, kabla ya kuhitimu, kuna pia mwaka mzima wa kazi kwa vitendo katika hospitali, kituo cha ushauri cha chuo au kwingineko. Waombaji hupanga vituo kwa kadiri wanavyovipenda, vituo navyo huwapanga waombaji, kisha kompyuta inawaoanisha. Mtu anaweza kubaki bila kituo, akasubiri. Kwa jumla safari hii huchukua miaka 5 hadi 7. Uingereza uzamivu wa kitaaluma katika fani hii kwa kawaida huchukua miaka 3 kwa anayesoma muda wote.

Shahada si leseni. Marekani kuna mtihani wa maswali 225 pamoja na masharti ya kila jimbo. Uingereza jina la mwanasaikolojia mshauri linalindwa na sheria tangu 2009, na asiyesajiliwa haruhusiwi kulitumia. Cheo cha Daktari nacho huwachanganya watu: mhitimu huyu si tabibu na kwa kawaida haandiki dawa, ingawa majimbo machache ya Marekani, New Mexico likiwa mojawapo, humruhusu mwanasaikolojia aliyepata mafunzo ya ziada.

Anayetaka kushauri watu tu, bila kufundisha chuoni wala kufanya utafiti, mara nyingi humtosha shahada ya uzamili, na nchi nyingi zinamkubali kama mshauri. Anayeutaka uzamivu aulize mapema nani atamsimamia, kwa saa ngapi, na wateja watatoka wapi. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani hakitoi ithibati kwa programu ya uzamivu inayofundishwa yote mtandaoni.