Kutunga DNA ili kuhifadhi data: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Hapa Mombasa, mji ambao nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS ziliufikia mwaka 2009, watu huzungumzia data kila siku, na ikitajwa DNA, molekuli inayobeba urithi, kama ghala la data, husikika haraka kwamba faili hupandikizwa ndani ya kiumbe. Sivyo. DNA hiyo hutungwa maabara, haina uhai, na kila moja ya herufi zake nne, A, C, G na T, yaweza kubeba biti mbili, yaani tarakimu mbili za sifuri au moja.

Dhana nzito zaidi ni kwamba uzi ukirefuka ndipo tija inapoongezeka. Mtazame mama anayetunga asumini Mji wa Kale: ua likichanika kwenye sindano, hulitupa akachukua jingine. Mashine ya kutunga DNA haina jicho hilo. Katika kemia ya fosforamiditi, njia ya kuunganisha DNA herufi moja moja iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila herufi hupitia hatua nne: kuondoa kizuizi, kuunganisha, kuziba nyuzi zilizokosa herufi, na kuoksidisha. Uunganishaji ukifaulu kwa asilimia 99 kila mara, kiwango ambacho fundi yeyote angejivunia, nyuzi za herufi 200 zitakazokamilika ni kama asilimia 13 tu. Ukifaulu kwa asilimia 99.5, zitakaribia 37. Nusu hiyo ya asilimia ina thamani kubwa mno. Ndiyo maana data hukatwa vipande vifupi, kila kimoja na namba ya mahali pake, vikatungwa kwa wingi kwa wakati mmoja.

Wengine huamini kwamba herufi moja ikikosewa faili limepotea. Kwa kweli data huandikwa pamoja na ziada ya kusahihishia, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye nafuu kubwa, kwa kuwa utungaji wa kuhifadhi data waweza kuvumilia makosa ambayo ule wa dawa hauyavumilii. Mwaka 2017 watafiti Yaniv Erlich na Dina Zielinski walirejesha kutoka kwenye DNA megabaiti 2.14 bila kosa hata moja. Kutunga kuligharimu takriban dola 7,000 na kusoma dola 2,000, kwa hiyo mzigo uko kwenye kuandika.

Wala si kweli kwamba vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemia, vinavyofanya kazi majini pasipo viyeyusho vyenye sumu, vimekwisha kuiondoa kemia ya zamani. Kimeng'enya kinachotumika zaidi, kikiachiwa, huongeza herufi bila kuhesabu, hivyo katika mbinu nyingi kila herufi huvishwa kifuniko kinachousimamisha utungaji, na kifuniko hicho sharti kivuliwe kabla ya herufi inayofuata kuingia.